Mkuu wa ofisi aijue orodha ya ugawaji wa folda kwenye seva yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme jambo moja kuhusu kompyuta za ofisi zetu hapa Mbeya na katika mikoa jirani ya Iringa, Njombe na Songwe. Kazi yangu ni ufundi wa mitandao ya kompyuta, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikihudumia shule, vyama vya ushirika, zahanati na maduka ya uchapaji katika ukanda huu. Nimeona mara nyingi kwamba katika ofisi yenye seva, yaani kompyuta kuu inayohifadhi mafaili ya ofisi nzima, maandishi yenye uzito kuliko yote ni yale ambayo mkuu wa ofisi hajawahi kuyatia machoni. Ni mistari michache tu, inayoamua kompyuta ipi ifungue folda ipi, na kama itasoma tu au itaandika pia. Naomba wakuu wa taasisi waitambue orodha hiyo kuwa ni mali yao, waidai, waisome na waitie saini, isibaki kichwani mwa fundi.

Kwa wasomaji wasio mafundi nieleze kwanza jambo lenyewe. Karani akifungua folda ya mahesabu mezani kwake, mara nyingi folda hiyo haimo ndani ya kompyuta anayoitazama. Imo kwenye seva iliyo chumba cha pili, na kompyuta yake imepachikiwa tu njia ya kuifikia, naye huiona kana kwamba iko hapo hapo. Katika mifumo ya jamii ya Unix, ikiwamo Linux ambayo ofisi nyingi ninazozihudumia zimeichagua kwa kuwa haidai ada ya leseni, utaratibu uliozoeleka wa kufanya hivyo huitwa NFS, kifupi cha Network File System. Kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliubuni mwaka 1984. Maelezo ya toleo la pili yakachapishwa hadharani mwaka 1989, ya toleo la tatu mwaka 1995, na ya toleo la nne mwaka 2000, kisha yakarekebishwa mwaka 2003. Umri huo una maana kwa hoja yangu. Utaratibu huu ulizaliwa wakati kompyuta iliyoungwa kwenye mtandao ilikuwa chombo cha ofisini chenye msimamizi anayejulikana, kwa hiyo uliziamini kompyuta kwa anwani zao. Leo kwenye mtandao uleule kuna kompyuta mpakato ya mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, simu ya dereva aliyeleta mzigo, na kifaa cha mgeni aliyeomba waifai akisubiri kuhudumiwa.

Kwenye Linux orodha ninayoisema huandikwa katika faili liitwalo /etc/exports. Kila mstari una mambo matatu: folda inayogawiwa, anayegawiwa, na masharti yake ndani ya mabano. Anayegawiwa anaweza kuwa kompyuta moja kwa jina au kwa anwani, au mtandao mzima. Masharti ndiyo yanayosema kama ni kusoma tu, yaani ro, au kusoma na kuandika, yaani rw. Mtu asiyejua lolote kuhusu kompyuta anaweza kufundishwa kuisoma orodha hiyo kwa nusu saa, na ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba ni mambo ya kitaalamu yasiyomhusu mkuu wa taasisi.

Nitoe mfano. Niliitwa katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, kwa sababu karani alikuwa hawezi kuhifadhi kazi yake kwenye folda ya pamoja. Alikuwa anaifungua na kuisoma vizuri, lakini akitaka kuandika anakataliwa. Fundi aliyenitangulia alikwisha kuilegeza ruhusa ya folda yenyewe ili kila mtu aweze kusoma na kuandika, na bado haikusaidia. Kilichonishangaza ni maneno ya karani mwenyewe: “Kaka, nikiingia kwa waifai ya wageni inakubali.” Na kweli ilikuwa inakubali. Wafanyakazi watatu walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye waifai ya wageni ili waweze kufanya kazi za ofisi.

Nilipolifungua faili la orodha nilikuta kosa ambalo jicho lisilozoea haliwezi kuliona. Baada ya anwani ya mtandao wa ofisi, kabla ya mabano yenye rw, palikuwa na nafasi moja tupu. Katika Linux nafasi hiyo hutenganisha mambo mawili. Anwani ya ofisi ilibaki peke yake bila masharti, ikapewa ya kawaida, ambayo ni kusoma tu. Mabano yaliyobaki upande wa pili, kwa kuwa hayakutanguliwa na jina la mtu wala mtandao, yakahesabiwa kuwa ni ya kila kompyuta duniani inayoweza kuifikia seva hiyo. Wenye ofisi wakawa wasomaji, na wageni wakawa waandishi. Kwa kuwa ruhusa ya folda nayo ilikuwa imelegezwa, mgeni yeyote mwenye kompyuta mpakato na ujuzi mdogo angeweza kufuta mahesabu ya mwaka mzima. Mfumo wenyewe ulikuwa unatoa onyo kila unapoisoma orodha, kwamba pana mabano yasiyo na jina la anayegawiwa, lakini seva ilikuwa inawaka asubuhi bila mtu mbele ya skrini yake, na onyo likapita. Niliiondoa nafasi, nikazirudisha ruhusa za folda kama zilivyopaswa kuwa, na kazi ikaisha kabla ya saa sita mchana. Sijui mlango ule ulikuwa wazi kwa muda gani. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeandika popote ni lini mstari ule uliwekwa na ni nani aliyeuweka.

Jambo la pili ni mamlaka ya mtumiaji mkuu, ambaye katika mifumo hii huitwa root. Root wa kompyuta fulani hazuiwi na ruhusa za mafaili ya kompyuta hiyo, na mtu mwenye kompyuta yake mwenyewe mkononi ni root wa kompyuta hiyo bila kuomba. Ili root wa kompyuta ya karani asiwe pia root wa seva, NFS kwa kawaida humgeuza kuwa mtu asiye na cheo, mwenye namba 65534 katika Linux. Kinga hiyo huitwa root_squash, nayo ipo hata usipoiandika. Kuiondoa ni lazima mtu aandike kwa mkono wake neno no_root_squash, na nimelikuta neno hilo katika ofisi nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nikiuliza sababu huambiwa kwamba kitu fulani kilikuwa hakifanyi kazi, na lilipoandikwa kikafanya kazi. Yako matumizi halali, kwa mfano kompyuta zisizo na diski zinazowaka kwa kutegemea seva. Katika ofisi ya kawaida, hata hivyo, neno hilo humpa mwenye kompyuta yoyote iliyoruhusiwa uwezo wa kumiliki kila faili lililomo, na hata kuacha humo programu ambayo ikiendeshwa kwenye seva itapata nguvu za root wa seva. Mkuu wa ofisi akiliona neno hilo kwenye orodha yake amuulize fundi wake sababu, na asikubali jibu lisiloandikwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hata mafundi wenzangu wengi hulipita haraka, nalo ni namba za watumiaji. Tukiacha NFS katika hali yake ya kawaida, kompyuta ya karani haiitumii seva nywila wala uthibitisho wa kuwa huyu ni nani. Inatuma namba. Seva huipokea namba hiyo na kuiamini. Katika Ubuntu na Debian, ambazo ni aina za Linux, mtumiaji wa kwanza anayeundwa wakati wa kuweka mfumo hupewa namba 1000. Fundi akiweka mfumo kwenye kompyuta kumi, moja baada ya nyingine, kila moja kwa jina la mtumiaji wake, atakuwa na watu kumi wenye majina tofauti na namba moja. Mbele ya seva hao kumi ni mtu mmoja.

Katika shule moja ya sekondari, nayo haitatajwa, ofisi ya taaluma ilikuwa inahifadhi rasimu za mitihani ya muhula kwenye seva, katika folda iliyofungwa ili isomwe na mwalimu wa taaluma peke yake. Mwalimu huyo alikuwa ndiye mtumiaji wa kwanza kwenye kompyuta yake, namba 1000. Maabara ya wanafunzi ilikuwa na kompyuta zenye mtumiaji mmoja wa pamoja, wa kwanza na wa pekee, namba 1000. Orodha ya ugawaji ilikuwa imeruhusu mtandao mzima wa shule, maabara ikiwamo. Aliyegundua ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliyefungua folda asiyoijua akakuta mtihani wa Kemia ambao darasa lake lilikuwa halijaufanya. Binti huyo aliifunga, akaenda kwa mwalimu wa zamu, akamwambia, “Shikamoo mwalimu. Kuna kitu nimekiona kwenye kompyuta ambacho sikupaswa kukiona.” Mtihani ulitungwa upya. Namtaja hapa, bila jina lake, kwa sababu alifanya kazi ambayo sisi watu wazima tulipaswa kuifanya kabla yake, na kwa sababu hatuna haki ya kuitegemeza seva ya mitihani kwenye uadilifu wa mtoto mmoja.

Wapo wanaodhani kwamba toleo la nne limeliponya tatizo hili, kwa kuwa linabeba majina ya watumiaji pamoja na namba. Si kweli kwa ofisi nyingi. Maadamu orodha inatumia njia ya kawaida iitwayo sec=sys, haki ya kufungua faili bado huamuliwa kwa namba iliyotumwa. Hata root_squash haisaidii hapa, kwa sababu root wa kompyuta mpakato anaweza kujigeuza kuwa mtumiaji mwenye namba yoyote anayoitaka ndani ya kompyuta yake, kisha akabisha hodi kwa seva akiwa na namba hiyo. Dawa iko katika ngazi mbili. Ngazi ya kwanza haina gharama: namba za watumiaji zigawiwe kwa mpango mmoja wa ofisi nzima na ziandikwe kwenye daftari, kila mtu na yake, na namba ya aliyeacha kazi isipewe aliyeajiriwa baada yake, kwani mafaili ya zamani yatamtambua mgeni kuwa ndiye mwenyewe. Sambamba na hilo, folda nyeti igawiwe kwa kompyuta zilizotajwa moja moja, na maabara, waifai ya wageni na ofisi viwe mitandao mitatu tofauti. Kwa folda za jumla, kama vile fomu na nembo za shule, yafaa kugawa kwa kusoma tu na kumgeuza kila anayeingia kuwa mtu asiye na cheo kwa sharti la all_squash.

Ngazi ya pili ni Kerberos, ambayo humlazimu kila mtumiaji kuthibitisha kwamba ndiye, na hutumika kwa kuandika krb5 mahali pa sys. Ukiandika krb5i, data hulindwa isigeuzwe njiani, na ukiandika krb5p hufungwa isisomwe na mtu wa kati. Nakiri kwamba ni kazi ya kuiweka, na inadai saa za kompyuta zote zilingane, kwa kuwa kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5. Kwenye kompyuta za zamani, ambazo betri ndogo ya saa imekufa na kila umeme ukikatika hurudi mwaka wa nyuma, jambo hilo huleta usumbufu mkubwa mpaka uweke huduma ya kulinganisha saa. Hata hivyo zahanati inayohifadhi majibu ya vipimo vya wagonjwa kwenye folda ya pamoja haina udhuru wa kutuma taarifa hizo wazi kwenye waya. Tangu mwaka 2022 upo pia utaratibu uliochapishwa wa kuifunga NFS kwa TLS, teknolojia ileile inayolinda tovuti za benki, na Linux za karibuni zinauweza.

Niongeze kwa kifupi suala la mahali folda ilipo. Ukigawa folda iliyo ndani ya patisheni moja, yaani sehemu moja iliyotengwa ya diski, na vitu vingine vya seva, kwa mfano folda iliyo chini ya mfumo wenyewe, mpaka wake si madhubuti kama unavyoonekana. Kompyuta huomba mafaili kwa vitambulisho ambavyo mtu mjuzi anaweza kuvibahatisha, akafikia mafaili ya patisheni hiyo yaliyo nje ya folda uliyomgawia. Lipo sharti la kukagua jambo hilo, subtree_check, lakini lina matatizo yake, hasa faili linapobadilishwa jina likiwa limefunguliwa, na ndiyo maana siku hizi halitumiki lisipotajwa. Njia salama ni kuvipa vinavyogawiwa patisheni yao wenyewe au diski yao wenyewe.

Jambo linalotugusa sisi wa Nyanda za Juu Kusini kwa namna ya pekee ni umeme na radi. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na anayeishi Uyole au Tukuyu anajua jinsi umeme unavyoweza kukatika jioni mara tatu ndani ya saa moja. Katika orodha ya ugawaji kuna chaguo kati ya sync na async. Kwa sync, seva haijibu “imeandikwa” mpaka data iwe imefika kwenye diski. Kwa async, seva hujibu upesi huku data ikiwa bado kwenye kumbukumbu, ambayo hupotea umeme ukikatika. Kompyuta ya karani, ikishaambiwa kwamba imeandikwa, haina sababu ya kuendelea kushika nakala yake. Kwa hiyo kazi hupotea bila ujumbe wowote wa kosa.

Hili lilikipata chama kimoja cha wakulima wa parachichi. Fundi wao alikuwa ameandika async kwa nia njema, kwa kuwa folda yenye mafaili madogo mengi ilikuwa inakwenda polepole mno. Wakati wa msimu, siku moja ya mapokezi mengi, radi ilipiga jioni na umeme ukakatika. Asubuhi mhasibu wa chama, mama mtu mzima ambaye amefanya kazi hiyo tangu enzi za madaftari, alinipigia simu akasema, “Mwanangu, hesabu za mchana wote hazipo, nami nilizifunga kwa mkono wangu mwenyewe, na kompyuta ikanikubalia.” Kompyuta ilikuwa imemkubalia kweli. Uzito wa kila mkulima ulipatikana tena kwa sababu mama huyo hakuwahi kuacha kukata risiti za karatasi, tukakaa naye siku mbili tukiingiza upya, huku wakulima wakisubiri malipo nje. Tuliibadili async kuwa sync, na kukawia kwa seva tukakutibu kwa njia inayostahili, yaani diski ya kasi zaidi na betri ya UPS inayoiamuru seva ijizime kwa utaratibu chaji inapokaribia kwisha. Nasema kwa uzito wote kwamba kuandika async kwenye folda ya fedha katika mkoa wenye umeme kama wetu, bila kumweleza mwenye fedha hiyo, ni kumwekea rehani kitu ambacho si chako.

Umeme ukikatika kwenye seva huku kompyuta za makarani zikiendelea kwa betri, skrini zao huganda. Hiyo si dalili ya ubovu. Kwa kawaida kompyuta hungoja seva irudi, na irudipo huendelea ilipoishia. Katika toleo la nne, seva ya Linux hutoa sekunde 90 za mwanzo kwa kompyuta zilizokuwa zimeyashikilia mafaili kwa kufuli kuyadai tena. Watu wafundishwe kungoja, wasizime kwa nguvu. Wapo mafundi wanaoikwepa lawama ya kuganda kwa kupachika folda kwa njia iitwayo soft, ambayo hukata tamaa baada ya muda na kurudisha kosa. Kwa folda ya kusoma tu haina neno, lakini kwa folda inayoandikwa yaweza kuacha faili limeandikwa nusu.

Kwa mafundi wenzangu ninayo maneno kuhusu utunzaji wa orodha yenyewe. Ukiisha kuibadili, huna haja ya kuizima huduma nzima na kuwasumbua watu wote ofisini. Amri ya exportfs -ra huisoma orodha upya, na exportfs -v hukuonyesha masharti yote yanayotumika hivi sasa, hata yale ambayo hukuyaandika. Uangalie jibu la amri hiyo ya pili kila mara, kwa sababu kilichoandikwa na kinachotumika vinaweza kutofautiana. Fundi anaweza kuwa ameongeza ugawaji wa muda kwa amri bila kuuandika, nao utatoweka seva ikizimwa, au mstari umefutwa kwenye faili lakini orodha haijasomwa upya na mlango bado uko wazi. Ipo pia mistari inayokaa mahali pengine, katika folda ya /etc/exports.d, na katika seva zenye mfumo wa kuhifadhi mafaili uitwao ZFS ugawaji unaweza kuwa umeandikwa kwenye sifa iitwayo sharenfs, usionekane kabisa katika faili unalolisoma. Kama folda ileile imegawiwa pia kwa Samba, utaratibu mwingine wa kugawa folda, kwa ajili ya kompyuta za Windows, basi chumba hicho ni kimoja lakini kina milango miwili na orodha mbili, na zote mbili zinapaswa kuletwa mbele ya mkuu wa ofisi.

Msinakili mistari kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine kwa sababu tu faili lina jina lilelile. FreeBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, nayo inalo /etc/exports, lakini haina mabano. Masharti huanza kwa kistari, kama -maproot na -network, na folda zote za patisheni moja zinazogawiwa kompyuta zilezile hukaa kwenye mstari mmoja. Ukiibadili orodha hapo, unaiambia huduma ya mountd iisome upya. Mstari mzuri wa Linux ukiupeleka FreeBSD haufanyi kazi, na anayelazimisha ufanye kazi ndipo huanza kulegeza kila kitu.

Mjue pia kwamba orodha hii si siri. Seva inayohudumia toleo la tatu humwonyesha mtu yeyote aliye mtandaoni majina ya folda zinazogawiwa akiuliza kwa amri ya showmount -e. Kwa hiyo folda isipewe jina linalofichua habari za watu. Toleo la nne peke yake linahitaji mlango wa mtandao (port) namba 2049 tu, wakati la tatu linahitaji pia mlango namba 111 na mingine, na hiyo ni sababu nzuri ya kuzima la tatu kama hakuna kompyuta inayolihitaji. Milango hiyo haipaswi kamwe kuonekana kutoka intaneti. Faiwoli, yaani kinga ya mtandao, ya ruta iifunge, na faiwoli ya seva iifunge tena.

Haya yote yangekuwa ushauri tu kama tungekuwa katika miaka ya nyuma. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde zisifikiwe na wasiohusika. Matokeo ya mwanafunzi, deni la mkulima na kipimo cha mgonjwa ni taarifa za watu. Wajibu huo ni wa taasisi, wala hauhami kwenda kwa kijana aliyelipwa posho ya siku moja kuja kuweka seva.

Ndiyo maana nawaomba wakuu wa shule, wenyeviti wa vyama vya ushirika na waganga wafawidhi waombe orodha ya ugawaji ichapishwe kwenye karatasi. Kila mstari uwe na maelezo yake juu yake, yakianza kwa alama ya reli (#) kama mfumo unavyoruhusu, yakitaja ni nani aliyeomba, kwa kazi gani na tangu tarehe gani. Mstari usio na mwenyewe uondolewe. Fundi anapomaliza mkataba akabidhi orodha kama mtunza stoo anavyokabidhi funguo. Vyuo vyetu, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya kikiwa karibu kabisa na wengi wetu, naviomba viwape wanafunzi seva yenye orodha iliyoharibiwa kwa makusudi, waitafute ile nafasi moja tupu na ile namba 1000 inayojirudia, kabla hawajakutana nazo kazini kwenye mafaili ya watu.

Ile shule niliyoitaja juu imekwisha kufanya hivyo. Mkuu wake huiweka orodha katika jalada moja na daftari la funguo, na kila muhula unapofunguliwa huniita tuipitie pamoja. Safari iliyopita aliweka kidole kwenye mstari mmoja akaniuliza kompyuta hiyo ni ya nani. Ilikuwa ya karani aliyehamia Makambako miezi minne nyuma, na nilipoangalia kwenye ruta nikakuta anwani yake imekwisha kupewa simu ya mtu mwingine. Niliufuta mstari, nikaisoma orodha upya mbele yake, nikachapisha karatasi mpya, naye akaitia saini.

Msomaji wako,
Fundi wa mitandao ya kompyuta,
Mbeya